Nguo ya Mafundo Matano

Sanduku la Bibi lilikuwa na harufu mbili. Juu, alipoweka kanga zake mpya na vipande vya udi, palinukia karafuu na waridi kavu. Chini kabisa palinuka uchachu, kama tende zilizosahauliwa ndani ya chungu chenye majivu. Uchachu huo ulitoka kwenye nguo moja tu, ya buluu iliyokaribia weusi, iliyokunjwa mara nane na kufungwa kwa uzi. Bibi alikuwa akifungua sanduku mara moja kwa mwaka, baridi inapoanza, kuanika vitu vyake juani, na mimi peke yangu ndiye niliyeruhusiwa kukaa karibu. Tulikuwa tukiishi Ibra, huku Uarabuni, katika nyumba ya matofali aliyoijenga baba yangu kwa mshahara wa serikali, tulikorudi kutoka Unguja kabla sijazaliwa. Nasema "tulikorudi" kwa sababu ndivyo wakubwa walivyosema, ingawa kati yao hakuna aliyewahi kuishi Ibra kabla ya hapo.

Mama yangu alifariki nikiwa ninanyonya. Aliyenilea ni Shangazi Zuwena, dada mdogo wa baba, kitinda mimba wa Bibi. Yeye ndiye aliyenisuka nywele, aliyenifundisha kusoma Kiswahili kwa kuniandikia majina ya vyakula juu ya makopo ya jikoni, na kitandani kwake ndiko nilikolala mpaka nilipokuwa msichana mkubwa. Alikuwa akishona nguo nyumbani kwa mashine ya mkono. Mwaka ninaoueleza, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa na miaka kumi na yeye alikuwa anakaribia thelathini, hajaolewa. Watu walikuwa wameanza kumwita "Zuwena maskini" mbele yake.

Baridi ile, Bibi alinieleza habari za ile nguo kwa mara ya kwanza mpaka mwisho. Tulikaa uani asubuhi, jua likitupiga mgongoni, na yeye alikuwa akimenya machungwa na kunipa mimi vipande. Nguo, alisema, ilitiwa rangi na babu yake mzaa baba, Mzee Khalfan, hapahapa Ibra, katika karne ya kumi na tisa, siku ambazo mji mzima ulikuwa nyumba za udongo ndani ya mitende. Kwa watu wote Bibi alikuwa amesema, Unguja na hapa, kwamba babu yake alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Baba naye alikuwa akisema hivyohivyo. Kumbe Mzee Khalfan hakuuza hata dhiraa moja. Alikuwa mtia rangi, sabbagh kwa Kiarabu cha huku. Watu walimletea merikani nyeupe, naye akawarudishia kaniki.

Bibi alimkuta akiwa hai. Mzee Khalfan alipozeeka alimfuata mwanawe Unguja, aliyekuwa amefungua duka la nguo kule, na Bibi alikuwa mtoto wa miaka sita, analala mkekani pamoja naye. Kila alichokijua kuhusu kazi ile alikisikia kwake. Majani ya mnili, mmea unaotoa rangi ya buluu, yalilowekwa majini na kupigwa kwa fimbo mpaka maji yakageuka, kisha yakaachwa yatuame na tope la rangi likabaki chini. Tope hilo lilitiwa ndani ya mitungi iliyofukiwa ardhini mpaka shingoni, pamoja na tende na maji ya majivu, likaachwa lichache. Ilinuka vibaya, Bibi alisema, na kwa hiyo watia rangi walipewa mahali pao mwisho kabisa wa mfereji wa falaji, baada ya visima vya kunywa, baada ya bafu za msikiti, baada ya bustani zote, maji yanapokaribia kupotea mchangani. Mzee Khalfan alikuwa akijua kama mtungi uko tayari kwa kuuonja. Alichovya kidole, akakitia ulimini, akatema. Watoto wa mji walikuwa wakimwambia atoe ulimi, naye alikuwa akiutoa, wa buluu kabisa, nao wakikimbia huku wakicheka.

Nilichokipenda zaidi ni habari ya nguo inapotoka mtungini. Ilitoka kijani, rangi ya majani machanga, na mkewe, Bibi Moza, aliipokea na kuitanda juu ya kamba. Mbele ya macho yao, upepo ukiigusa, ile kijani iligeuka buluu kuanzia pembeni kuja katikati. Ikarudi tena mtungini, mara saba, mara kumi, mpaka ikakaribia kuwa nyeusi. Kisha Bibi Moza aliilaza juu ya gogo na kuipiga kwa nyundo ya mti mpaka ikang'aa. Alikuwa akiipiga huku amembeba mtoto mgongoni, na watoto wake wote watatu walijifunza kulala kwa mlio ule. Mtoto asipolala, walimpelekea gogo karibu.

Rangi haikuwatoka mikononi. Baadhi ya watu walisema udhu wa mtia rangi hautimii, na Mzee Khalfan alikuwa na jibu moja tu, ambalo Bibi alilirudia kwa sauti nzito ya kiume: "Rangi haina mwili. Maji hupita." Aliswali safu ya mwisho, karibu na viatu, kwa hiari yake, ili asimpake mtu kanzu. Binti yake aliolewa na mtia rangi mwenzao kutoka Manah, si kwa mapenzi wala kwa udugu, ila hapakuwa na mwingine aliyebisha hodi. Hilo Bibi alilisema haraka, akaendelea kumenya chungwa.

Wenye nguo walikuwa wengi na merikani zote zinafanana, na Mzee Khalfan hakujua kuandika. Kwa hiyo kila nyumba aliipa alama yake, mafundo ya uzi mwekundu kwenye pembe ya nguo: nyumba hii mawili, ile matatu, ile matano. Hakuwahi kukosea. Zilipoanza kuja nguo za Bombay zilizokwisha kutiwa rangi, watu wakaacha kumletea merikani, akafukia mitungi na kurudisha nguo zote kwa wenyewe. Moja tu ilibaki. Wenye nyumba ya mafundo matano walikuwa wamesafiri bara Afrika, mlango umefungwa. Alibisha siku tatu. Alipovuka bahari aliichukua, na kabla hajafa alimpa mjukuu wake. "Hii si yetu," alimwambia. "Ni amana. Ukienda Ibra, mtafute mwenyewe."

"Ulimtafuta?" nilimuuliza Bibi.

"Ningemtafuta vipi, mwanangu? Nipite milangoni niseme nani kati yenu alipeleka nguo kwa babu yangu kutiwa rangi?" Akaitia nguo mkononi mwangu, nikayahesabu mafundo, matano, magumu kama punje za mchele. "Siri ya mtungi aijuaye kata. Haya tuliyoyazungumza ni yako na yangu. Usiyaseme mbele ya watu, unanisikia? Hasa sasa."

Nilimjibu kuwa nimesikia, na nilikuwa nimesikia. Nataka hilo likumbukwe.

Alisema "hasa sasa" kwa sababu Shangazi alikuwa ameposwa. Kila Jumatano Bibi alikwenda soko la wanawake, pale Ibra ambapo wauzaji ni wanawake na wanunuzi ni wanawake, na kule alikuwa amejuana na Bi Rayya, aliyezaliwa Unguja kama yeye, akaolewa hapa katika nyumba kubwa ya watu wa kale wa mji. Bi Rayya alikuwa na mtoto wa kiume, Nassor, aliyefiwa na mke, ana kazi Sur. Nassor alikuwa amemwona Shangazi alipokuja kuchukua nguo za mama yake zilizoshonwa. Alirudi mara mbili kwa vifungo ambavyo havikuhitaji kubadilishwa. Shangazi alikuwa akiimba jikoni wiki ile, na mimi sikuwahi kumsikia akiimba kabla. Usiku nilimuuliza kama Sur ni mbali. Akasema si mbali, saa mbili kwa gari, nami nitakuja kumtembelea kila likizo na tutakula samaki mpaka tuchoke. Akadhani amenifurahisha. Niligeukia ukutani nikajifanya nimelala.

Wageni walikuja Alhamisi baada ya Alasiri. Wanaume walibaki na Baba chumba cha mbele, na wanawake waliingia kwetu ndani: Bi Rayya, dada zake wawili, na mama mkwe wake, Bi Shamsa, mkongwe ambaye hakuwahi kutoka Ibra, macho yake yakiwa yamefunikwa na utando. Yeye alikuwa akisema Kiarabu tu. Nililetwa kutoa shikamoo na kubusu mikono. Kulikuwa na halwa, matunda, mkate wa kumimina ambao Bibi aliuchoma mwenyewe, na moshi wa udi uliojaa mpaka darini. Bi Rayya alikuwa mcheshi.

"Huyu Zuwena wenu mikono yake ya dhahabu," alisema. "Nimemwambia Nassor, wewe unaoa mke au unaoa cherehani?"

"Ataoa vyote viwili kwa mahari moja," akajibu Bibi, wakacheka wote.

Kisha dada mmoja akauliza habari za ukoo, kwa adabu, kama inavyoulizwa. Bibi akasema, kama alivyosema miaka sitini, kwamba babu yake, Khalfan, alikuwa mfanyabiashara wa nguo wa hapahapa Ibra. Bi Rayya akamfasiria mkwe wake. Bi Shamsa akatikisa kichwa, akasema hakumbuki mfanyabiashara wa jina hilo, lakini dunia ni kubwa na yeye amezeeka.

Hapo ndipo niliponyanyuka. Hakuna aliyenituma. Nilikwenda chumbani kwa Bibi, nikafungua sanduku, nikapekua mpaka chini, nikaificha nguo chini ya mtandio wangu na kurudi nayo. Niliiweka mapajani kwa Bi Shamsa, nikasema kwa Kiarabu changu cha shule, polepole ili kila mtu asikie, "Hii ni kazi ya babu yake Bibi."

Yule mkongwe aliinusa kwanza. Vidole vyake vikaanza kutembea juu ya kitambaa, vikafika pembeni, vikasimama. Akahesabu kwa sauti, moja mpaka tano. Kisha akacheka, kicheko cha furaha tupu, na akasema neno ambalo kila mtu chumbani alilijua: "Sabbagh! Khalfan wa mwisho wa falaji!" Akaanza kueleza kwa haraka kwamba nyumba yao ndiyo nyumba ya mafundo matano, kwamba mama mkwe wake aliporudi kutoka Afrika alikuta mitungi imefukiwa, na mpaka kufa kwake alikuwa akisema nguo yake moja imekwenda na yule mtia rangi. Alikuwa amemshika Bibi mkono na kuutikisa kama aliyekutana na ndugu.

Bi Rayya hakuwa akicheka. Aliweka kikombe chake chini, akamwambia Bibi kwa Kiswahili, "Kumbe, Bi Nasra. Biashara yenyewe ilikuwa ya mtungini."

Nilimtazama Bibi. Angeweza kukana. Angeweza kusema mtoto ameokota nguo, au Khalfan ni wengi. Nilidhani angekana, na katika nafsi yangu ya miaka kumi nilikuwa nimeshajiandaa kumbishia. Bibi alinyoosha mtandio wake. "Ndiyo," alisema. "Alikuwa mtia rangi. Na mimi nimesema uongo." Kisha akamgeukia Bi Shamsa na kusema kwa Kiarabu chake kilichovunjika, "Nguo ni yenu. Alibisha siku tatu, mlikuwa hampo. Ni amana, ichukue." Mkongwe akaikumbatia kifuani, na alipojifutia machozi kwa kitambaa kile, kwenye ukingo wa mtandio wake mweupe kukabaki alama ya buluu.

Shangazi alikuwa mlangoni na dele la kahawa. Aliingia, akamimina vikombe kwa mpangilio, akianzia kwa mkubwa, kama alivyofundishwa. Hakumwaga hata tone.

Baada ya siku tisa ujumbe ulikuja kwa simu. Walisema wameswali istikhara, kumwomba Mola awaonyeshe njia, na moyo haukutulia. Hivyo ndivyo husemwa, na mtu hawezi kuuliza zaidi, maana nani atamdai mwenzake habari za moyo wake na Mola wake? Baba aliweka simu chini, akatoka kwenda kuosha gari lililokuwa safi. Bibi akaketi kitandani kwake mlango umefungwa. Kila aliyekuja kutupa pole alinipapasa kichwa na kusema, "Mtoto, hajui." Bibi alisema hivyo. Baba alisema hivyo. Nilijificha nyuma ya maneno hayo mawili kama mtu aliyejificha nyuma ya pazia, na nikakaa hapo miaka mingi. Nilijua. Nilitaka Shangazi asiende Sur, na hakwenda. Alibaki kitandani kwetu na kunisuka nywele asubuhi kabla ya shule, mikono yake ikiwa ileile, ila hakuimba. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na mimi sikuweza hata kuuonyesha.

Hakuolewa. Walikuja wengine wawili kadiri miaka ilivyokwenda, mmoja mzee mno, mmoja mwenye wake, na yeye akakataa bila kueleza. Bibi alifariki mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Miezi yake ya mwisho alikuwa mwepesi kuliko nilivyomjua. Alikuwa akimsimulia kila mgeni habari za babu yake, mpaka za ulimi wa buluu, na mgeni asipopenda alimkaribisha chungwa. Alinieleza jambo ambalo baridi ile hakunieleza: kwamba Unguja, miaka ilivyopita, rangi ilianza kumtoka Mzee Khalfan. Kucha zilikua na kukatwa, ngozi ikatakata, na mwishowe mikono yake ikawa kama ya watu wote. Alikuwa akikaa barazani akiitazama, akiigeuza huku na huku, kama mikono ya mgeni aliyesahau kuondoka nayo.

Mimi niliolewa, nikahamia Nizwa, nikazaa. Miaka mitatu iliyopita Ibra kulikuwa na maonyesho ya vitu vya kale, na Shangazi akanipigia simu akitaka nimpeleke. Alikuwa ameanza kuumwa, anatembea akijishika ukutani. Ndani kulikuwa na madele, majambia, mlango mzima wa nyumba ya udongo, na ndani ya sanduku la kioo, chini ya taa, nguo ya buluu iliyokaribia weusi. Pembe moja ilikuwa imegeuzwa juu ili mafundo yaonekane. Kadi ilitaja ukoo ulioitoa na kusema ni kazi ya mikono mahiri ya mababu zetu. Vijana walikuwa wakipita na kuipiga picha. Kile kilichomnyima mtu nyumba sasa kilikuwa fahari ya mji, na ukoo wa Bi Rayya ndio uliokuwa ukijivunia.

Nilimwambia hapo hapo, tumesimama mbele ya kioo, kwa sababu nilijua nisiposema siku ile sitasema tena. "Shangazi, siku ile nilijua. Bibi alikuwa amenikataza. Nilifanya makusudi ili usiende."

Hakunitazama. Alikuwa akiyahesabu mafundo kwa midomo. "Nilikuona," alisema. "Ulipita mbele yangu na nguo chini ya mtandio. Harufu ile nani asingeijua?"

"Mbona hukunizuia?"

"Dele lilikuwa zito." Kisha akasema, "Nikasema waache wajue sasa. Nikienda Sur na uongo, nitalala nao kila usiku."

Sijui kama ni kweli. Shangazi alikuwa mtu wa kukunja maumivu yake na kuyaweka chini ya nguo nyingine, na huenda alinipa maneno yale kama alivyokuwa akinipa kipande kikubwa cha samaki. Nimeyapokea lakini sijayategemea. Ninachokijua ni alichokifanya baada ya hapo. Alimwita kijana aliyekuwa akilinda meza, akamwambia kwa Kiarabu, bila kupandisha sauti, "Mwanangu, aliyeitia rangi nguo hii ni Khalfan, sabbagh wa mwisho wa falaji, babu yake mama yangu. Andika." Yule kijana akatafuta kalamu, akapata penseli tu. Akafungua kioo na kuandika kwenye kadi, chini ya jina la ukoo mkubwa, huku Shangazi akimtajia tena polepole. Kioo kilipofunguliwa, ule uchachu ulitoka, kidogo, kisha kikafungwa.

Shangazi alifariki mwaka huu, kabla ya baridi kuingia. Nilikuwa mmoja wa waliomwosha. Mashine yake ya kushonea ameichukua binti yangu, na mimi nimechukua sanduku. Nyumba zetu siku hizi zina viyoyozi na harufu za chupa. Watoto wetu wanajua majina ya nchi nyingi, lakini hawajui babu zao walikuwa wakifanya kazi gani. Nimewaambia wangu. Wamesikiliza, wamecheka habari ya ulimi, wamerudi kwenye simu zao, na hakuna hata mmoja aliyeona aibu. Wao hawajui kwamba hilo ni jambo kubwa. Baridi ilipoanza nilitoa vitu uani kama alivyokuwa akifanya Bibi, nikainama mpaka chini ya sanduku tupu. Harufu bado ipo, hafifu, imeingia kwenye ubao. Nilivuta pumzi mara moja tu, kisha nikafunika upesi, nisiimalize.